Skuta Iliyozibwa Pumzi

Pakacha likivuja, mwenye mali hununa, lakini shingo ya mchukuzi hushukuru. Mzigo umepungua, safari inasonga. Ndicho walichokiona wahenga wakasema: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Wahenga hao hawakuwahi kupanda skuta, wala hawakuyajua mashimo ya njia ya Matombo. Hata hivyo, lau wangemwona Editha Jumamosi ile, wangecheka mpaka wajishike mbavu, kisha wangeulizana, "Si tulisema?"

Editha alikuwa fundi cherehani mjini Morogoro, mzaliwa wa Matombo, mwanamke nadhifu kupindukia. Uzi ukining'inia kwenye pindo, alikosa usingizi. Kila mwaka alishona magauni meupe ya wasichana wa kijijini kwao waliokuwa wakijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, akayafunga nyuma ya skuta yake kuukuu na kuyapeleka misheni mwenyewe. Kazi hiyo aliipenda kuliko zote, kwani yeye mwenyewe alipokea komunyo akiwa na gauni la kuazima, refu mpaka akalikanyaga mbele ya altare. Aibu ile hakuisahau, naye aliapa kuwa mtoto wa Matombo hataipata tena maadamu mikono yake ina nguvu.

Tatizo lilikuwa skuta. Ubavuni mwa injini palikuwa na kijipaipu kifupi kilichodondosha oili tone kwa tone, na upepo wa safari ukairusha nyuma. Mwaka uliotangulia, tone moja lilipenya mpaka kwenye gauni. Sista Magdalena, mwalimu wa katekisimu, alilishika gauni lile kwa ncha za vidole, akasema kwa upole unaouma, "Editha mwanangu, mtoto huyu anakwenda altareni, haendi gereji. Doa likirudi mwakani, tutaazima magauni parokia ya jirani."

Kuazima! Neno hilo lilimchoma Editha kama sindano.

Yunusi, fundi wa pikipiki pale Mkuyuni, njiani kuelekea Matombo, alikwisha kumshauri alete skuta aifungie paipu ndefu yenye kichupa mwishoni, ili oili ipate pa kwenda. Editha alimcheka waziwazi. "Kaka Yunusi, kinachovuja huzibwa! Nani aliwahi kukitafutia chupa?" Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa, alipomaliza kupiga pasi magauni kumi na manane, alichukua kipande cha khaki, akakisokomeza mdomoni mwa kijipaipu, akakizungushia uzi wa viatu na kuukaza fundo juu ya fundo. "Haya, dondoka tena nikuone," akaiambia skuta, na kuipiga kofi la ushindi.

Kesho yake alifunga mzigo wake ndani ya nailoni, akaondoka mapema. Misheni walimngojea saa tisa alasiri, watoto wajaribu magauni kabla ya misa ya Jumapili. Kutoka Bigwa hadi Kiroka safari ilikuwa raha mustarehe. Editha aliimba nyimbo za kwaya, sauti ya kwanza na ya pili, zote peke yake. Kila alipoinama kukitazama kijipaipu, alikikuta kikavu kabisa, naye akazidi kupaza sauti.

Mlima ulipoanza, injini ikaguna. Karibu na Mkuyuni ikalia pu! Editha akahisi uvuguvugu mguuni. Kutazama, loo! Oili ilikuwa imemrowesha kuanzia goti hadi kiatu, nayo ilizidi kububujika chini ya injini. Alizima haraka, akashuka, akapapasa nailoni. Mzigo ulikuwa mzima. Alishusha pumzi, kisha akaisukuma skuta kilima kizima mpaka kwa Yunusi, jasho likimtiririka.

"Karibu, dada Editha. Naona leo umekuja na mafuta yako mwenyewe," Yunusi alimpokea.

"Utani baadaye, kaka. Saa tisa nisipofika, watoto wangu wanavalishwa vya kuazima."

Yunusi alichuchumaa, akachungulia, akakiona kile kitambaa. Akacheka mpaka spana ikamtoka mkononi. "Mashallah, mshono huu hata tembo haung'oi! Lakini kwa nini umemziba pua mwenzio?"

"Pua?"

"Ndiyo. Hiki ndicho anachopumulia. Injini ikifanya kazi, hewa hujaa tumboni mwake, lazima itoke, na hutoka na vitone vya oili. Ukiiziba hapa, itajitafutia njia yake. Tazama, imeisukuma sili, huu mpira unaozuia oili. Bahati yako haujachanika. Sasa wewe nikikuziba pua na mdomo, halafu nikupandishe Uluguru, hewa itatokea wapi?"

"Koma, Yunusi!" Editha alisema, lakini kicheko kilikwisha kumponyoka.

Alipotulia, aliingiwa na hofu tena. "Basi rudisha sili, ongeza oili, uniachie kitambaa changu kwa safari hii moja tu. Nikifika, nitakifungua."

Yunusi alitikisa kichwa. "Hufiki. Chagua: oili kidogo uliyoikubali, au yote usiyoitaka."

Editha aliutazama mguu wake mweusi, akautazama mzigo. Kisha akatoa mkasi kwenye mkoba na kuyakata mafundo yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Yunusi alirudisha sili mahali pake, akajaza oili, akafunga paipu ndefu iliyopanda juu kisha ikashuka ndani ya chupa ya maji yenye tundu la kupitisha hewa. Chupa ikakosa pa kukaa. "Hapo niachie mimi," alisema Editha. Akaomba kipande cha turubai, akakishona kiwe mfuko wenye mikanda miwili, akauning'iniza chini ya kiti.

Skuta ilipanda vilima vyote bila kuguna.

Saa tisa kasoro dakika tano alikuwa misheni. "Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Sista."

"Milele na milele, amina. Marahaba." Sista Magdalena alivaa miwani, akakagua gauni moja moja, mbele na nyuma, mpaka la kumi na nane. Yote yalikuwa meupe pe. Wasichana wakayagombania kwa vigelegele, kila mmoja na lake lililomkaa sawasawa. Editha akalia, wala hakujificha. Ndipo Sista alipouona mguu wake.

"Ee Mungu wangu! Na wewe nani kakupaka mafuta matakatifu ya krisma, tena ya gereji?"

Editha alifuta machozi akicheka, akachomoa chupa kutoka mfukoni mwake. Chini kabisa palikuwa na oili chafu, haizidi kijiko kimoja.

"Hiki kijiko nilikinyima njia, Sista, nusura kininyime magauni yote. Nilipokiacha kitoke, kimetufikisha."

Kweli, kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.