Aliyekaza, Aliyeacha na Aliyenyamaza

Hapo zamani, ila si zile za malori ya kupigwa hendeli, palikuwa na dereva akiitwa Mzee Tweve. Alibeba viazi kutoka Makete na kuuteremka mlima wa Ilungo, wenye kona za kutisha. Lori lilikuwa la tajiri wake, lakini ukimsikia Tweve akilisifia ungedhani kalizaa yeye.

Sasa niwaeleze habari ya breki, na msinikatize. Kwenye matairi ya lori kuna mkono wa chuma, mafundi huuita ajasta. Breki zikilika, ajasta huzikaza. Zamani dereva alilala chini akaikaza kwa spana. Hizi za siku hizi hujikaza zenyewe, na tajiri alikwisha kusema: dereva asiziguse. Breki ikilegea, ajasta ni mbovu, gari lipelekwe gereji.

Tweve alisikia, akaitikia. Kisha kila alfajiri, kabla wenzake hawajafika, akaingia uvunguni na spana yake. "Breki ijikaze yenyewe," alijisemea, "na mimi nifanye nini, nilale?" Akakaza, akashuka Ilungo, lori likasimama. Akakaza, akashuka, lori likasimama. Hakugonga hata kuku. Kumbe ajasta zilikwisha kufa siku nyingi, na hizo breki zilikuwa zikiishi kwa spana ya mzee.

Aliyejua ni mmoja tu, Kyando, fundi wa gereji. Aliona bolti za ajasta zimechubuka kwa spana, akaelewa. Lakini Kyando alikuwa amemwoa binti wa Tweve. Amwambie baba mkwe wake kwamba anaharibu gari? Au akamshtaki kwa tajiri? Akajifuta grisi mikononi, akasema, "Shikamoo baba. Gari liko sawa." Tweve akaitikia marahaba, yakaishia hapo.

Siku ya siku Tweve akafiwa na dada yake. Ufunguo akamkabidhi dereva kijana, Nolasco. Ulimi ulimwasha amwambie habari ya spana, lakini akaona haya. Mtu mzima na mvi zake ajulikane kuwa anafanya kwa kujificha alichokatazwa? Akasema tu, "Gari zima, mwanangu. Nenda polepole."

Nolasco alikuwa mtiifu. Aliambiwa ajasta haziguswi, hakuzigusa. Safari ya kwanza lori likasimama. Safari ya pili likasimama kwa kusitasita. Safari ya tatu, juu kabisa ya Ilungo, akakanyaga breki akahisi haishiki sawasawa. Akajiambia ni uzito wa mzigo, akashuka. Katikati ya mteremko breki zikakataa kabisa. Akapiga honi, akalibana lori kwenye ukingo wa udongo mpaka mwendo ukapungua, na mwisho likaingia kwenye jiko la Mama Tusekile, mjane, naye yumo ndani anachochea moto. Alipona, ila mguu ulikatwa.

Hapo siri ya spana ikafichuka, wakaenda wote watatu, Tweve, Nolasco na Kyando, kuomba radhi. Tweve alikuwa na moyo mzito kuliko wenzake, maana nyumba ile aliipita kila safari, na watoto wa pale walimwita babu. Alijua kwamba asiposamehewa hataweza kuipita njia ile tena, na kazi nyingine haijui.

Mama Tusekile akawakaribisha uani. Pole zao akazipokea, kisha akauliza, "Kosa ni la nani?"

Tweve akasema, "Mama, mimi nilikaza, na nilipokaza lilisimama. Kosa ni la aliyeacha kukaza."

Nolasco akasema, "Mimi nilifuata agizo, mama. Ningeijuaje spana ya siri? Kosa ni la aliyenipa gari bovu akaniambia ni zima."

Kyando akasema, "Mimi sikukaza wala sikuendesha. Nilimstahi mkwe wangu, na huyo mtu wa kumgombeza mkwe wake mimi sijamwona."

Mama akawasikiliza, gongo lake la kutembelea mapajani. Akasema, "Msamaha ninao, lakini ni mmoja. Nimeupata kwa shida, siwezi kuugawa vipande. Nitampa mwenye kosa. Wasio na kosa niwasamehe nini? Waende salama."

Tweve akalitazama jiko lililobomoka, machozi yakamlenga. "Basi ni mimi, mama. Ningesema neno moja tu siku ile ninatoa ufunguo."

"Hapana, baba," Kyando akadakia. "Niliona kabla ya wote, nikanyamaza huku ninajua. Ni mimi."

"Wazee wangu, nyinyi kule juu hamkuwapo," akasema Nolasco. "Breki niliihisi kwa mguu wangu mwenyewe, na bado nikashuka."

Mama Tusekile akawatazama mmoja mmoja. "Mlipoingia hapa hakuna aliyekuwa na kosa," akasema. "Sasa mnaligombania."

Akashika gongo, akaingia ndani kufikiri. Wao wamekaa uani wanamngoja, na hakuna anayemtazama mwenzake. Haya, nyinyi mliokuwa mkitikisa vichwa tangu mwanzo, semeni. Je, msamaha ule mmoja, nani aliustahili?