Sheria ya Miguu

"Ngano yaja!"
"Na ije, tumekaa!"
"Yaja na miguu mingapi?"
"Tutaihesabu!"

Hapo kale, kale ya kale, watu wa nyumba saba walijenga kuzunguka ua mmoja. Kisima kimoja, jiko moja, na katikati ya ua mkeka mmoja wa kuanikia makopa ya muhogo, kwa zamu. Nyumba nyingine zilifuga, na wanyama walisema kama watu.

Bi Mwanatabu, mjane, alikuwa na Mbuzi. Alimlea tangu mama yake Mbuzi alipokufa, akamnywesha uji kwa kijiko. Hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Siku moja Bi Shuweka, mwenye zamu ya mkeka, alikuta makopa yamepungua.

"Nani kala makopa yangu?"

Bata wa Mzee Faki akajibu upesi. "Nimemwona. Ana miguu minne. Sisemi zaidi, mimi si mmbea."

Mzee Faki, mkubwa wa ua, akaita mkutano. Wanyama hawakuitwa. Akasema, "Kuanzia leo, mwenye miguu minne haruhusiwi uani." Watu wakapiga makofi.

Paka akahamia juu ya paa. Mbuzi akafungiwa chumbani, akatafuna mto.

Siku ya pili makopa yakapungua tena.

"Ni Mbuzi huyo!" akasema Bi Shuweka.

"Mbuzi yupi, shoga?" akajibu Bi Mwanatabu. "Wangu nimeshinda naye chumbani."

"Basi katoka dirishani."

Mzee Faki akaamua. "Mbuzi aondoke kabla ya Ijumaa. Asipoondoka, achinjwe."

Bi Mwanatabu akakaa chini.

Paka akaita kutoka juu ya paa, "Babu, mwizi nimemwona mimi. Ana miguu miwili."

"Nani jina lake?"

"Mkutanoni hamkutuita. Mmezoea kuuliza miguu, nimewapa miguu."

"Basi mwenye miguu miwili naye haruhusiwi uani. Na hukumu ya Mbuzi imeshatoka, hairudi."

Watu wakapiga makofi, wakaingia ndani.

Siku ya tatu, Alhamisi, walitaka kutoka. Kila mtu akasimama mlangoni, akaitazama miguu yake. Hakuna aliyeteka maji. Hakuna aliyepika. Makopa ya Bi Shuweka yalikuwa bado mkekani.

Adhuhuri wingu likaja. Tone la kwanza likaanguka.

"Babu Faki, makopa yangu!"

"Sheria ni sheria."

"Sheria gani ya kutulaza na njaa?"

"Uliipigia makofi, mwanangu."

Bi Mwanatabu akatoka. Akasema, "Mbuzi wangu mmeshamhukumu. Nihukumuni na mimi."

Akavuka ua, akashika pembe ya mkeka. Ulikuwa mzito. Akaita, "Mbuzi!" Mbuzi akaja mbio, akauma pembe ya pili. Wakavuta, wakaukunja mkeka.

Chini yake alilala Bata, mdomo mweupe kwa unga.

"Nilikuwa nayalinda," akasema Bata. Kopa likamdondoka.

Watu wakacheka, wakatoka mbio kuanua. Hakuna aliyehesabu miguu.

Asubuhi ya Ijumaa mkutano ukafanyika uani, na wanyama wakaitwa. Kila mmoja aliulizwa alichofanya.

Mbuzi akasema, "Siku ya kwanza nilionja kopa. Moja. Nilidhani ni jiwe."

"Kwani wewe hula mawe?" akauliza Bi Shuweka.

"Nilitaka kujua."

Bi Shuweka akajizuia kucheka, akashindwa. "Bi Mwanatabu, mwanao huyu ana adabu kuliko bata wa mkubwa."

Wakakubaliana. Hukumu ya Mbuzi ifutwe. Makopa yakiwa mkekani, Mbuzi afungwe kamba na Bata akae tunduni. Yakianuliwa, ua ni wa wote. Paka alinde mkeka. Mwenye mnyama afagie kinyesi cha mnyama wake, bila kungoja zamu.

Ufagio wa kwanza aliushika Mzee Faki. Bata alikuwa amechafua pale pale penye mkutano.

Jioni ile Bi Mwanatabu aliketi uani na jirani zake, na Mbuzi akalala miguuni pake.

Ngano hii yatufunza: ukitunga sheria ya ua, waite wote wanaoishi humo, nawe upime tendo la mtu, si umbo lake.

Ngano yangu imeanuliwa. Wa kucheka acheke, wa kufagia afagie.