Mtamba wa Mzee Mchome

Sogeeni. Wenye akili nyingi wakae mbele, nataka niwaone mkikwama vizuri. Kisa hiki nimewatupia walimu wawili na katekista mmoja, wote wakaishia kuniomba maji ya kunywa. Mimi niliyeishia darasa la sita ndiye ninayekisimulia, kwa hiyo tulieni.

Kule Upareni, juu milimani, Mzee Mchome na mkewe Navoneiwa walikuwa na watoto watatu, na wote watatu walikula kwa kitu kimoja: unga mtamu usio sukari.

Mbonea, wa kwanza, aliutengeneza. Kiwandani alikofanya kazi waliloweka majani makavu ya stevia, mmea wenye majani matamu, kwenye maji ya moto, wakayachuja maji yale mara nyingi mpaka ukijani na uchungu ukatoka, kisha wakayakausha. Unga uliobaki ulikuwa mtamu kupita kiasi. Wa kujaa ncha ya kisu ulitosha birika zima. Ndiyo maana waliuchanganya na unga mwingine mweupe ambao mwili hauutumii, ili kijiko kionekane kijiko.

Nakijwa, wa pili, aliuonja. Walimfunga kitambaa machoni, wakampa vikombe viwili, aseme kipi cha sukari. "Sukari inakuja mbio na kuondoka mbio," alikuwa akisema. "Huu unachelewa kufika, halafu hautaki kwenda." Wakarekebisha, wakarekebisha tena kwa maneno yake, mpaka kilima kizima hakuna aliyeweza kutofautisha isipokuwa yeye.

Sifaeli, kitinda mimba, aliuuza. Mdomo ule, we! Angekuuzia kivuli chako mwenyewe na ukamshukuru. Pikipiki, kipaza sauti: "Tamu ileile, sukari hamna! Leta kilo ya sukari, ondoka na kopo!" Sukari aliyoikusanya akaiteremsha kuuzwa tambarare. Kufika mwezi wa tatu, ungezunguka nyumba kumi usipate sukari ya kumlambisha mtoto.

Sasa sikilizeni. Mama yao alikuwa na kisukari. Asubuhi moja alijichoma sindano yake ya insulini, na kabla hajatia kitu mdomoni akaitwa msibani. Saa nne akarudi anatetemeka, kanga imelowa jasho, akamwita mumewe kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa.

Mzee Mchome hakuwa mjinga. Nesi alishamfundisha: sukari ikishuka hivyo, mpe chai ya sukari upesi, angali anaweza kumeza. Akatia vijiko vitatu. Mama akanywa, akazidi kutetemeka. Akatia vitano. Macho yakaanza kumlegea.

"Navo! Navo, niangalie mimi!"

Watoto wakaingia mbio. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili, na mtu asiyeweza kujishika hapandi pikipiki. Mzee akasema, "Nina ng'ombe mmoja tu, yule mtamba. Atakayemrudisha mama yenu, ni wake."

Nakijwa akanyakua kikombe, akavuta funda, akafumba macho.

"Baba, hii si sukari."

"Nimechota kwenye kopo la sukari!"

"Kopo ni la sukari. Ndani ni unga wa Mbonea."

Mzee akakumbuka: ni yeye mwenyewe aliyeumimina humo, kopo la kiwanda lilipopasuka. Lakini mkono ulikuwa umeshashika kijiko. "Basi niongeze! Si mtamu?"

Mbonea akampokonya. "Hata anywe pipa, baba! Utamu wake unaishia ulimini, kwenye damu haupeleki kitu. Naupika mimi, naujua. Tafuteni sukari yenyewe!"

Jirani akaja mbio na kopo. Nakijwa akaonja: unga. Wa pili akaja. Unga. Wewe unayenyoosha mkono, asali haikuwepo, mizinga ilikuwa mikavu. Na ndizi zilikuwa mbichi, na soda ni kulekule kwenye zahanati. Kaa chini.

Sifaeli alikuwa ameganda mlangoni. Kila kopo lililoingia alilitambua, aliliuza yeye. Ghafla akapiga kelele, "Bi Namsifu!" Huyo ndiye mwanamke pekee aliyemfukuza kwa mwiko. Kati ya nyumba yao na yake kulikuwa na korongo lisilopitika kwa pikipiki. Akalishuka kwa makalio, akalipanda kwa kucha.

"Umerudi, kelele?" Bi Namsifu akasimama mlangoni. "Nilishakwambia sinunui."

"Shikamoo, mama. Siuzi leo. Mama anakufa. Naomba sukari."

Bi Namsifu akamtazama, matope na machozi. "Marahaba. Kumbe na kuomba unajua." Akampa mfuko wote.

Chai ikakorogwa. Kijiko kimoja, ameze. Kingine, ameze. Dakika tano. Kumi. Jasho likakauka, vidole vikatulia.

"Sifaeli," mama akanong'ona, "mbona unanichafulia sakafu?"

Mzee Mchome akakaa chini palepale, akalia.

Na hapo, watoto wa watu, hata machozi ya baba hayajakauka!

"Bila ulimi wangu mngeendelea na lile kopo," akasema Nakijwa.

"Ulimi ulisema si sukari," akasema Mbonea. "Baba alikuwa anaongeza vijiko. Nani alimzuia?"

"Maneno yenu mngeyakoroga kwenye chai?" akasema Sifaeli.

Mama akajiinua kwenye mkeka. "Na nani aliutengeneza huo unga? Nani aliurekebisha mpaka nisiutambue? Nani aliibeba sukari yangu?"



"Niliwasikia wote mkiniita," akaendelea mama. "Nilishindwa kuitika."

Mzee amesimama uani, kamba ya mtamba mkononi, na ahadi ni ahadi. Ukimtoa mmoja wa hao watatu, mama angezikwa. Lakini ukimtoa huyohuyo tangu mwanzo, pengine sukari ingekuwepo kabatini siku ile. Na msiniambie wagawane. Mtamba ana shingo moja.

Je, wewe ungemkabidhi nani kamba ile?