Mwalimu wa Pili wa Chekechea ya Zawena

Mkaguzi Lugendo aliingia chekechea ya Zawena na kufuli mkononi.

"Walimu wawili, au nafunga!"

"Mwenzangu kajifungua jana, mzee wangu."

"Leseni haijui leba! Lete mbadala mwenye cheti, nimwone kwa macho yangu akiwashika watoto."

"Nikimfuata, hawa nimwachie nani? Wanataka mtu aliyesomea ualimu."

"Mimi nimesomea! Cheti changu kimetundikwa ofisini!"

Zawena akatokomea saa nzima. Aliporudi, Lugendo alikuwa amelowa uji, anarukaruka kama chura, watoto ishirini nyuma yake wakicheka hadi kwikwi.

"Mbadala yuko wapi?" akafoka akihema.

Zawena akamwinulia kioo. "Mwone kwa macho yako."

"Mwalimu, chura tena!" watoto wakapiga kelele.

Lugendo akatafuta muhuri wa kuidhinisha leseni.