Jina la Mtoto wa Mwadime

Sogeeni, ila mtu asinikatize. Kesi hii imeninyima raha siku nyingi, na leo naitua kwenu.

Mwadime, mchimba vito, mbali na mkewe alizungukwa na wanawake watatu. Mama yake, Wakesho, alijaliwa kuona mbali. Dada yake, Mkamburi, hakujua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Jirani yao, Mshai, akishika jambo haliachi.

Siku Mwadime alipokata bima ya maisha, alipiga hesabu ya jeneza na chakula cha matanga, basi. Wengi wetu ndivyo tulivyo: tunaweka bima ya kuzikwa vizuri. Wakesho akaivuta karatasi. "Mwanangu, matanga ni siku chache. Mkeo Mghoi na wanao wawili watakula nini ukishafunikwa?" Akahesabu unga, karo, na miaka mpaka mdogo amalize shule. Kiasi kikawa mara kumi. Mwadime aliguna, akakiandika.

Fomu ikauliza kazi. Mwadime alitaka kuandika mkulima, maana wachimbaji hutozwa zaidi. Mkamburi akamnyang'anya kalamu. "Kaka, andika mchimbaji. Ukifia shimoni watauliza shamba lilikuwa wapi." Waligombana hadi majirani wakatoka nje. Ukaandikwa ukweli, na ada ikapanda.

Kisha vito vikaadimika. Miezi minane Mwadime alirudi na vumbi tu. "Acha bima ife," alimwambia mkewe mwezi wa kwanza tu, na Mshai akamsikia kutoka ng'ambo ya ua. Aliuza mbuzi wake wote wawili, akawa analipa ada kila mwezi. Wiki ile ya malipo ya nane, shimo liliporomoka. Mwadime hakutoka.

Afisa wa bima akaja na faili. Mghoi, mwenye mimba ya miezi mitano, alikaa mbele yake. Afisa alisoma palipoandikwa kazi mara mbili, akatazama risiti ya mwisho, akafunga faili. "Mtalipwa yote." Mghoi alilia kwa uchungu na kwa nafuu. Wanawe hawataacha shule.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Katika ukoo ule, anayezaliwa baba akiwa kaburini hupewa jina la aliyeishika nyumba isianguke, na hatolewi nje kabla hajaitwa. Jina ni moja tu.

Asubuhi ya kumtoa, wote watatu walisimama mlangoni.

"Bila hesabu yangu mngelipwa jeneza," alisema Wakesho.

"Bila ukweli wangu, mama, hata jeneza msingelipwa," alisema Mkamburi.

Mshai akacheka kicheko kikavu. "Ninyi ndio mlioifanya ada nzito hadi marehemu akataka kuitupa. Mzigo wenu nani aliubeba?"

"Jirani, chunga ulimi wako!" Mkamburi alifoka.

Wakesho akagonga fimbo chini. "Mghoi, ita jina. Na atakayekosa, akiondoka hapa asirudi, asilaumiwe."

Mghoi alimtazama mkwewe, akamtazama wifi yake, akamtazama shoga yake. Alijua akimwita mmoja anawapoteza wawili, na malezi ya watoto watatu hayawezi peke yake. Mtoto akaanza kulia. Mghoi akakanyaga kizingiti, akafungua mdomo.

Na mimi ninafunga wangu, kwa sababu sijui. Haya, mliosikiliza, semeni mmoja mmoja: angekuwa mwanao, ungemwita nani?