Shimo la Mama Muhanga

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, mwenye mtoto ampakate!
Pakawa, tumempakata!

Hapo zamani za kale alikuwapo Ngiri mdogo, yatima. Wanyama wakasema, "Tumlee kwa zamu." Akalala kwa Sungura, akahamishiwa kwa Nungunungu, akahamishiwa kwa Nguchiro. Kila jioni aliuliza, "Kesho nahamia wapi?"

Zamu ikafika kwa Mama Muhanga. Muhanga, jamani, ni mchimbaji. Huchimba shimo, hula mchwa wa hapo, wakiisha huhama. Ndiyo desturi yao tangu mababu.

Mama Muhanga akaona jambo. Mtoto halali ndani. Analala mlangoni, miguu tayari kuondoka.

"Ingia, mwanangu."

"Kesho nahamia wapi?"

"Huhami. Hapa ni kwenu."

Hakuamini. Akalala palepale mlangoni.

Mama Muhanga akachimba, kwaru! kwaru! Akaongeza chumba, akatandika nyasi kavu. Mchwa wakaisha. Ndugu zake wakaja kumchukua.

"Dada, twende! Muhanga gani anaota mizizi?"

"Nendeni salama. Mtoto wangu amehamishwa vya kutosha."

"Utakufa njaa!"

"Mchwa nitawafuata. Nyumba haiendi popote."

Basi jua likizama anakwenda mbali, ti-ti-ti. Kukicha anarudi, ti-ti-ti. Akakonda, lakini anarudi.

Usiku mmoja, Mama Muhanga akiwa ng'ambo ya mto, mvua ikanyesha, mto ukafurika. Kukakucha, Mama Muhanga hayupo. Jua likapanda, hayupo.

Nguchiro akaja mbio. "Muhanga ni muhanga tu, amehama! Twende, mtoto, zamu imerudi kwangu."

Ngiri mdogo akaitazama njia. Akageuka, akaziona zile nyasi. Na ngiri, mnajua, huingia shimoni kinyumenyume. Akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka chumbani, uso umeelekea nje.

"Siendi. Namngoja mama kwetu."

"Kaidi wewe!" Nguchiro akaenda zake.

Mchana, chapu! chapu! Mama Muhanga huyo, tope mpaka masikioni. Akatazama mlangoni. Hakuna mtoto! Moyo ukampasuka.

"Mwanangu!"

"Niko ndani, mama."

Jioni ile Ngiri mdogo akaanza, "Kesho..." Mama akangoja.

"Kesho tutakula nini?"

Enyi wasikilizaji, ukimchukua mtoto, mchukue jumla. Huruma ya zamu haimtoshi. Mpe nyumba moja, na wewe uwe wa kurudi.

Hadithi yangu imeishia hapo, shimoni kwa Mama Muhanga. Waacheni walale.