Unyoya wa Kijani na Waheshimiwa Waliopishana

Sultani Mutawakili bin Rashadi aliutawala mji wa Nurbahari kwa uadilifu, na hazina yake ilijaa, na farasi wake walinona, hata Mwenyezi Mungu alipomjaribu kwa upofu na matabibu wote wakashindwa. Ndipo mnajimu akanena kwamba katika msitu wa bonde la mto Zilali, ambako mvua haikatiki, hutokea siku moja kila mwaka ndege wa kijani mwenye kusema, na unyoya wake ukipitishwa machoni huondoa giza. Na jua likizama, huruka akaenda zake. "Na mwakani," akasema mnajimu, "upofu huu utakuwa umeota mizizi, hautang'oka tena."

Basi bintiye, Mwana Shahima, akavaa pete ya marehemu mama yake, iliyomfunga jini Zaubaa amtumikie mwenye kuivaa, akatoka alfajiri ya siku hiyo pamoja na Waziri Dhulkifli, na Kadhi Mundhiri, na Amiri wa jeshi, Sarhani. Jini yule aliweza kung'oa milima, lakini katika bonde lile majini wamekatazwa kuruka, kubeba watu na kumgusa ndege yule, hivyo naye akaenda kwa miguu, ameloa chepechepe na amenuna.

Sasa, watu wa Nurbahari wana desturi yao: mtu hapiti mahali kabla ya kumwomba mwenziwe atangulie, na mwenziwe hakubali upesi, asije akaonekana mroho wa heshima. Katika kumbi za kasri desturi hiyo ilipendeza. Lakini msituni, jamani! Njia nyembamba, matope magotini, ruba wakidondoka kutoka majanini, na kila kijito kina gogo moja tu la kuvukia.

"Tafadhali, Kadhi, tangulia," alisema Waziri, ruba akimning'inia sikioni.

"Hasha! Nimtangulie mshika muhuri wa dola? Tangulia wewe."

"Mimi nani? Amiri ndiye upanga wetu."

"Upanga hukaa ubavuni, Bwana Waziri," akajibu Amiri, akainama.

"Mabwana, baba yangu haoni!" akalia Shahima. "Apite yeyote!"

"Basi pita wewe, binti wa Sultani."

Akainua mguu, na Kadhi, aliyemfundisha Kurani utotoni, akakohoa. "Ingawa mwanafunzi hamtangulii mwalimu wake." Shahima akaurudisha mguu, kwa kuwa alilelewa vizuri mno, maskini.

"Nilifungwa chupani karne nzima," akanung'unika Zaubaa, "na wallahi sikuchoka hivi."

Na ikawa vivyo hivyo kwenye kila gogo, hata walipofika kwenye maporomoko jua lilikuwa limegusa vilele vya miti. Ndege alikuwa juu ya jiwe, ng'ambo ya gogo la mwisho.

"Atakayenifikia kwanza, unyoya ni wake," akasema ndege.

"Tafadhali, Waziri..."

"Aka, Kadhi, haiwezekani..."

"Fanyeni hima!" ndege akafoka. "Nina makinda nyumbani!"

"Nimechoka!" akapiga kelele Shahima. "Nimechoka na tafadhali zenu!" Akamsukuma Kadhi kwa kiwiko, akamkanyaga Amiri, akatambaa juu ya gogo, matope hadi kwenye nyusi, akaunyakua unyoya jua likizama.

Sultani alipofumbua macho, alimwona mwanawe ametapakaa tope na ruba shingoni, akasema hajapata kuona uzuri kama ule, akalia.

"Tulimpisha, Ewe Maulana," akasema Waziri.

Wachumba wakaja, wakasimama kizingitini wakiombana kutangulia, mpaka kijana mfuma mazulia, Tamimu, akasema, "Kama hamwingii nipisheni, mvua inaninyea." Shahima akacheka nyuma ya pazia, na ndoa ikafungwa, na Tamimu akapewa nusu ya hazina. Na hapo ndipo watu walipojua kwamba heshima si utumwa, na adabu isiyojua haraka ya mwenzio ni ukatili uliovaa joho.

Siku ya harusi Shahima alimfungua Zaubaa. Jini akakimbilia mlangoni, akawakuta wale waheshimiwa watatu wakibembelezana nani atoke kwanza. Akawatazama, akashusha pumzi, akapasua ukuta akapita. Ufa ule haukuzibwa, na watu wa Nurbahari wenye haraka huupitia hadi leo.